Bibi Khanom Astarabadi: Mwanamke Aliyejibu Kitabu kwa Kitabu

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, Uajemi (Iran ya leo) ilikuwa na kijitabu kilichoitwa Ta'dib al-Nesvan, yaani kuwatia wanawake adabu. Mtunzi wake, mwanamume ambaye hakujitaja jina, alishikilia kwamba mke mwema ni yule anyamazaye, anyenyekeaye na kumtii mumewe pasi na kuhoji. Katikati ya miaka ya 1890 alijibiwa na mwanamke.

Mwanamke huyo ni Bibi Khanom Astarabadi, aliyezaliwa takriban mwaka wa 1858. (Neno 'bibi' analotumia Mswahili lina asili huko huko Uajemi.) Mamake alikuwa msomi aliyefundisha katika nyumba ya kifalme, na kwa hivyo binti alipata elimu ambayo wanawake wengi wa zama zake hawakuionja. Jawabu lake aliliita Ma'ayeb al-Rejal. Anayejua maana ya 'aibu' na 'rijali' hahitaji kufasiriwa anwani hiyo: ni aibu za wanaume.

Kitabu hiki ni tashtiti kali. Kwanza mwandishi anabomoa hoja za mpinzani wake moja baada ya nyingine, kisha anamkaribisha msomaji kwenye mabaraza ya walevi, wacheza kamari na wavuta bangi, ili ajionee hao wanaodai kuwa walezi wa wanawake. Nathari yake imechanganywa na mashairi, methali na lugha ya mitaani. Hatimaye anasimulia ndoa yake mwenyewe, jinsi alivyompenda mumewe, Musa Khan Vaziri, na jinsi mume huyo alivyomletea mke wa muda. Ni sehemu hii, wala si ile ya mabishano, inayoipa kazi nzima uzito. Aliyetetea wanawake wote alikuwa na jeraha lake. Hata hivyo, hakuitupa dini. Alihoji kwa misingi ya Uislamu kwamba wanaume wanadai haki zao huku wakikwepa wajibu wao.

Kitabu kilisalia katika miswada hadi kilipochapishwa mwaka wa 1992.

Mapinduzi ya Katiba ya mwaka 1906 yaliwapa Waajemi bunge, lakini sheria ya uchaguzi iliwanyima wanawake kura. Mwaka wa 1907 Bibi Khanom alifungua shule ya wasichana nyumbani kwake Tehran. Walimu wote walikuwa wanawake, na masomo yalijumuisha kuandika, hesabu, jiografia, historia na mapishi. Baadhi ya masheikh walipaza sauti dhidi ya shule za wasichana, na wizara ya elimu ikamtaka aifunge. Aliandika magazetini kuitetea.

Kikwazo kimoja kilikuwa cha kiisimu. Shule iliitwa Dabestan-e Dushizegan, na neno 'dushizeh' humaanisha msichana bikira. Wapinzani walidai linaamsha ashiki. Aliporuhusiwa kuifungua tena, baada ya bunge kushambuliwa kwa mizinga mwaka wa 1908, alipewa masharti mawili: neno hilo liondolewe, na wapokelewe watoto wa miaka 4 hadi 6 pekee.

Alifariki mwaka wa 1921. Binti zake waliendelea na kazi ya kufundisha wasichana; mwanawe, Ali-Naqi Vaziri, akawa mwanamuziki mashuhuri. Wanawake wa Iran walipata haki ya kupiga kura mwaka wa 1963.