Dawa Igandayo kwa Joto la Mwili

Mafuta ya mawese huganda penye baridi na kuyeyuka yawekwapo juani. Kuna vitu, hata hivyo, vifuatavyo njia ya kinyume: penye baridi ni majimaji, na vipatapo joto huganda. Kwa tabia hiyo wataalamu wameweza kuituliza dawa mahali ambapo hapo awali haikuweza kukaa.

Vitu hivyo hutengenezwa kwa polima, yaani molekuli ndefu zilizoungana mfano wa shanga katika uzi. Mojawapo ni poloksama 407. Uzi wake una sehemu tatu: ncha mbili zipendazo maji, na sehemu ya kati isiyoyapenda sana. Penye baridi maji huizunguka hata hiyo sehemu ya kati, na kila uzi huelea peke yake. Joto lipandapo, maji huiacha. Ndipo sehemu za kati za nyuzi nyingi hukimbiliana na kufanya vibonge vidogo mno, ncha zikibaki nje. Ikiwa polima ni nyingi, karibu asilimia 20 ya mchanganyiko, vibonge husongamana hata visiweze kusogea. Majimaji yamekuwa jeli. Na kwa kuwa sehemu yake kubwa ingali maji, huitwa haidrojeli.

Faida yake yaonekana wazi katika saratani ya njia ya mkojo iliyo ndani ya figo. Dawa iitwayo mitomaisini ikitiwa humo katika maji matupu, mkojo huiteremsha upesi kabla haijafanya kazi. Wagonjwa wengi waliishia kuondolewa figo nzima. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha mitomaisini iliyochanganywa na jeli yenye poloksama hiyo, kwa uvimbe usio mkali. Daktari huiingiza kwa mpira mwembamba ingali baridi. Ndani huganda, kisha mkojo wenyewe huimumunya polepole kwa saa 4 hadi 6, dawa ikitoka kidogo kidogo. Kati ya wagonjwa 71 waliojaribiwa, uvimbe ulitoweka kabisa kwa 42. Si haba, ingawa wengi walipatwa na kusinyaa kwa mrija utokao kwenye figo.

Tena ile sifa iliyo nguvu ya dawa hii ndiyo udhaifu wake. Ikipata joto mapema, huganda kabla ya kuingia mwilini. Kwa hiyo hupozwa kwa barafu hadi dakika ya mwisho, na penye umeme wa kukatikakatika hilo si jambo dogo.