Mchezo Ulionunuliwa ni Mali ya Nani?

Nimemiliki mitambo mitatu ya michezo ya video maishani, na ajabu ni kwamba kila mpya ulinipunguzia umiliki.

Wa kwanza, alioninunulia baba mjini Nakuru mwaka wa 1995, ulikuwa mwigo wa Famicom, mtambo ambao Nintendo ya Japani iliuzindua mwaka wa 1983. Michezo ilikuwa katika kaseti. Kaseti iliyogoma ilichomolewa na kupulizwa kwa nguvu, desturi ya watoto wa mtaa mzima, japo unyevu wa pumzi huweza kuziharibu shaba zake. Hata hivyo, kaseti ilikuwa mali. Nilimwazima jirani yangu, naye akaniazima yake, wala hapakuwa na wa kutuuliza.

PlayStation 2, iliyotoka mwaka wa 2000, niliinunua baadaye kwa mshahara wa ualimu. Diski zilikwaruzika upesi, lakini nazo ziliazimika.

Huu wa tatu hauna hata tundu la diski. Unalipa, unapakua mchezo kwa intaneti, nao unafungwa katika akaunti yako. Je, duka likifungwa? Mnamo Machi 2023 Nintendo ilikomesha mauzo katika maduka ya intaneti ya Wii U na 3DS. Walionunua awali waliachiwa ruhusa ya kuendelea kupakua, bila kutajiwa tarehe ya mwisho.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, alitaka kumuuzia rafikiye mchezo aliokwisha kuuchoka. Hakuwa na kitu cha kumkabidhi.