Pete ya bibi ipimwe kwanza, bei baadaye

PETE, hereni na mikufu ya vito inayoachwa na wazazi ni mali ya urithi, sawa na shamba au ng'ombe. Tofauti ni kwamba bei ya ekari kila jirani anaijua, lakini thamani ya kito haionekani kwa macho. Ndiyo maana wapo wanaouza rubi halisi kwa bei ya mifuko michache ya mbolea, na wapo ndugu wanaonuniana miaka mingi kwa ajili ya kipande cha chupa.

Kabla ya kuuza, kugawana au kuweka rehani, jiwe linatakiwa kupita hatua mbili. Ya kwanza ni kupimwa, ili ijulikane ni jiwe gani. Ya pili ni kuthaminiwa, ili ijulikane lina fedha kiasi gani. Wengi huruka ya kwanza na kukimbilia ya pili.

Kosa kubwa ni kuamini umri wa pete. Familia husema kuwa pete ni ya tangu enzi za Mjerumani, hivyo lazima jiwe lake litakuwa halisi. Sivyo. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kutengeneza rubi kwa kuyeyusha unga wa alumina katika moto mkali, na tangu wakati huo rubi za kiwandani zimeuzwa kwa masonara duniani kote. Pete ya miaka 100 inaweza kabisa kuwa na jiwe la kiwandani.

Kwa upande wa tanzanaiti, historia yenyewe husaidia. Jiwe hilo liligunduliwa Mererani mwaka 1967, na kampuni ya Tiffany ya Marekani ikaliingiza sokoni kwa jina hilo mwaka 1968. Pete ya buluu iliyovaliwa harusini mwaka 1950 haiwezi kuwa ya tanzanaiti, isipokuwa kama jiwe lilibadilishwa baadaye.

Majaribio ya nyumbani nayo yana hatari. Kukwaruza kioo cha dirisha hakuthibitishi almasi, kwani hata kwatzi, jiwe la bei ndogo, hukwaruza kioo. Kuchoma jiwe ni kosa zaidi: tanzanaiti hupasuka joto linapobadilika ghafla. Si vema pia kuing'arisha pete kwa msasa au dawa kali kabla ya kuipeleka kwa mtaalamu.

Kipimo kimoja hakitoshi. Kwa mfano, jiwe jekundu lililotolewa kwenye pete likiwa na gramu 2.0 kwenye mzani wa kawaida na gramu 1.5 likipimwa ndani ya maji, limepungua gramu 0.5. Mbili ukigawanya kwa nusu unapata 4.0, ambao ndio uzito linganifu wa rubi. Kioo cha kawaida kingetoa takribani 2.5. Hata hivyo, rubi ya kiwandani nayo hutoa 4.0, kwa sababu imeundwa kwa kitu kilekile.

Hapo ndipo hadubini inapohitajika. Mapovu ya duara ndani ya jiwe mara nyingi ni dalili ya kioo. Mistari iliyopinda kama ya sahani ya santuri ni dalili ya rubi ya njia ya Verneuil. Rubi ya ardhini huwa na mistari iliyonyooka, au chembe za madini mengine zilizonaswa ndani. Mtaalamu hupima pia jinsi mwanga unavyopinda ukipita kwenye jiwe, na huangalia kama limechomwa au kujazwa mafuta au kioo ili kuficha nyufa. Karibu tanzanaiti zote huchomwa ili zipate rangi ya buluu, hivyo kwa jiwe hilo uchomaji ni jambo la kawaida. Kwa rubi, ile isiyochomwa huwa na bei kubwa zaidi ikiwa ubora mwingine unalingana.

Jijini Arusha kipo Kituo cha Jemolojia Tanzania (TGC), taasisi ya Serikali iliyo chini ya Wizara ya Madini, inayofundisha utambuzi na ukataji wa vito. Kwa anayeishi mbali, ni vema kuulizia kwanza kwenye ofisi ya madini ya mkoa kabla ya kupanda basi na mali mfukoni.

Baada ya kipimo ndipo huja bei, na bei si moja. Ipo ya duka, ambayo mteja hulipa pete ikiwa mpya. Ipo ya kuuza kwa mfanyabiashara, ambayo huwa chini. Na ipo ya dhahabu peke yake ikiyeyushwa. Ndugu wanaogawana wakubaliane mapema ni ipi itakayotumika. Neno karati nalo lina maana mbili. Kwenye jiwe ni uzito, karati 5 zikiwa gramu 1. Kwenye dhahabu ni usafi, karati 22 zikigongwa alama 916 na karati 18 alama 750.

Anayethamini asiwe ndiye anayetaka kununua, kwa kuwa anafaidika akitaja bei ndogo. Malipo yake yawe kiasi maalumu kilichokubaliwa mwanzo, si asilimia ya bei, vinginevyo atavutiwa kuipandisha.

Mwisho, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla pete haijatoka nyumbani, ipigwe picha na kupimwa uzito mbele ya ndugu wawili au watatu. Anayeipokea atoe stakabadhi yenye uzito huo na maelezo ya jiwe, na ikirudi ipimwe tena. Cheti cha kipimo kikabidhiwe msimamizi wa mirathi kabla mtu yeyote hajataja bei.