Mizigo Miwili Juu ya Mwili Mmoja

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya miili yetu. Jambo hili twalifanyia mzaha barazani, lakini katika nyumba nyingi limekuwa chanzo cha machozi.

Wazee wetu walipomwona mtu mwenye mwili, walisema amenawiri. Bibi arusi akinenepa, ndugu zake walifurahi, maana walijua anatunzwa. Na mtu akikonda, majirani waliuliza ana ugonjwa gani. Hata katika Maandiko, Danieli na wenzake watatu walipokula mboga na kunywa maji siku 10 huko Babeli, uzima wao ulijulikana kwa kuwa miili yao ilijaa kuliko ya vijana waliokula chakula cha mfalme.

Siku hizi mambo yamegeuka, tena yamegeuka pande mbili kwa wakati mmoja. Watu wananenepa kupita kiasi, na watu hao hao wanaambiwa kwamba uzuri ni wembamba. Ili tufahamu vizuri, natuende kwa fikira mpaka Fiji, visiwa vilivyo katika bahari ya Pasifiki.

Huko Fiji mwili mkubwa wenye nguvu uliheshimiwa, na mgeni alihimizwa ale ashibe. Mtu akikosa hamu ya chakula, jamaa zake waliingiwa na wasiwasi. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika jimbo la Nadroga, nayo ilionyesha michezo mingi ya nchi za ng'ambo kama Marekani. Daktari mmoja Mmarekani, Anne Becker, aliwauliza wasichana wa shule za sekondari huko habari za kula kwao. Wakati huo, majuma machache tu baada ya televisheni kufika, hakuna hata mmoja aliyesema kwamba hujitapisha ili apunguze uzito. Mwaka 1998 alirudi akawauliza wasichana wengine wa umri kama huo. Safari hii 11 katika kila 100 walisema hujitapisha, na 74 katika kila 100 walisema kwamba pengine hujiona wanene mno. Baadhi yao walieleza wenyewe kwamba walitamani kufanana na wanawake waliowaona katika televisheni.

Je, miili ya watu wa Fiji ilipungua? La. Visiwa vya Pasifiki vimo miongoni mwa sehemu za dunia zenye watu wanene zaidi. Viazi vikuu, majimbi na samaki viliacha nafasi yao kwa unga mweupe, sukari na nyama ya kopo, na kazi za jasho zikapungua. Basi msichana wa huko aliwekewa mizigo miwili: chakula kinachomnenepesha mezani, na picha inayomwaibisha ukutani.

Tusidhani kwamba hayo ni ya mbali. Hapa Kenya, uchunguzi wa serikali wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba wanawake 25 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Kufika mwaka 2014 walikuwa 33. Twajua sababu zake. Pale tulipotembea, sasa twapanda matatu au bodaboda. Chipsi na mandazi ni rahisi kupata kuliko mboga. Soda moja ya nusu lita ina zaidi ya vijiko 10 vya chai vya sukari, na Shirika la Afya Duniani latushauri tusizidi vijiko 12 kwa siku nzima, na ikiwezekana viwe 6 tu. Unene uliozidi huleta kisukari, shinikizo la damu, magonjwa ya moyo na aina kadha za saratani. Hilo si neno la kuficha.

Lakini aibu si dawa. Msichana anayejitapisha huharibu meno yake kwa asidi ya tumbo, tena hupoteza chumvi za mwili ambazo moyo wazihitaji ili upige sawasawa. Mtu anayejinyima chakula ghafula, mwili wake hudhani kwamba njaa imeingia nchini. Huanza kutumia nguvu kidogo na kudai chakula zaidi, na mara nyingi uzito hurudi. Na mama anayechekwa kwa unene wake huona haya kwenda kliniki kupimwa. Hivyo kisukari chaendelea kimyakimya mpaka kimdhuru macho na miguu.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuchunge ndimi zetu. Tusimwite mtoto kibonge, wala tusimwambie binti kwamba hatapata mume. Pili, tubadili meza ya nyumba nzima, si sahani ya mmoja tu: mboga nyingi, maharagwe, matunda, sukari kidogo, na maji mahali pa soda. Tatu, tutembee. Dakika 150 kwa juma zatosha kwa mtu mzima, na safari ya kwenda kanisani na kurudi yaweza kuwa sehemu yake. Nne, tukimwona kijana akikimbilia chooni kila baada ya chakula, tumwendee kwa upole, tumpeleke kwa daktari, maana huo ni ugonjwa wala si kiburi.

Samweli alipotumwa nyumbani kwa Yese, alitazama kimo na sura, naye akafundishwa kwamba Mungu hutazama moyo. Wala Mungu hakuudharau mwili, kwa maana ndiye aliyeuumba. Mtu huutunza vema mwili anaoushukuria kuliko mwili anaouchukia. Leo jioni, mkiketi kula, mshukuruni Mungu kwa chakula, kisha mshukuruni kwa kila mtu aliye mezani, jinsi alivyo.