Siku Nzima katika Bustani ya Pamplemousses

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini sisi watatu tuliokwenda Mauritius tulikaa siku nzima katika bustani ya maua, hali siku zetu huko zilikuwa nne tu. Swali ni la haki, ingawa kila mmoja wetu alijilipia nauli. Tunalijibu hapa.

Bustani hiyo iko Pamplemousses, nje ya mji wa Port Louis, na tangu mwaka 1988 huitwa kwa jina la Sir Seewoosagur Ramgoolam, Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi ile. Wageni wengi tuliowaona walipiga picha penye ziwa, wakarudi garini. Nia yetu ilikuwa hiyo hiyo, lakini mzee tuliyefuatana naye hutembea kwa mkongojo, na mwenye mkongojo hahimizwi. Tukafuata mwendo wake.

Kwa mwendo ule tuliona mengi. Ziwani mna mayungiyungi ya asili ya Amerika ya Kusini, majani yake mapana kupita sinia ya pilau ya harusini, na kingo zake zimesimama. Ua lake siku ya kwanza ni jeupe, siku ya pili hugeuka rangi ya waridi. Upo pia mti wa jamii ya mvumo, uitwao talipot, ambao hungoja miaka makumi ndipo utoe maua. Huyatoa mara moja tu, ukazaa, ukafa.

Mchana tukafika penye viungo. Mzee akasimama chini ya mkarafuu ambao haukuchumwa. Vikonyo vilikuwa vimefunguka, vikofia vimedondoka, na nyuzi nyeupe zimejaa nyuki. Akakaa kitako, akasema: "Nimeiparamia mikarafuu tangu utotoni, na ua lake sijapata kulitazama."

Wanachama, hivyo ndivyo tulivyo sote. Karafuu ni ua lililochumwa kabla ya kufunguka. Tukiliona limefunguka shambani, twahesabu hasara, macho twayageuzia kwingine.

Lakini tukumbuke asili yetu. Mfaransa Pierre Poivre ndiye aliyefanya mpango wa kuleta mikarafuu kutoka visiwa vya Maluku, ambako Waholanzi waliilinda kwa ukali. Miche ilifika Mauritius mwaka 1770, na iliyoishi ilikuwa michache. Kutoka visiwa vya upande ule mikarafuu ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kisha Pemba. Lau watunzaji wa siku zile wangalichuma kila kikonyo, pasingalikuwa na tunda wala mbegu, nasi leo tusingalikuwa na chama.

Basi hatumwambii mtu aende Mauritius. Twaomba jambo moja: kabla ya msimu, kila mwanachama atembee shambani mwake asubuhi moja, bila pishi wala ngazi, achague mti mmoja ulio bora, auache ufunguke na kuzaa, apate mbegu za miche. Mikarafuu yetu mingi imezeeka, na mti mzee haungoji tumalize shughuli zetu.

Mzee amekwisha kuchagua wake. Ni ule ulio karibu na kisima, ili apate pa kukaa.

Kwa niaba ya Halmashauri,
Katibu