Petroli: Nguvu Iliyomo Katika Mvuke

Katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, ambako Kiswahili husikika sokoni na katika magereji, fundi hodari huitambua kabureta mbovu kwa kusikiliza mngurumo wa injini. Elimu hiyo yafaa pia kufika majumbani. Mwaka 2024 petroli ilipoadimika sana nchini Burundi, watu wengi walishawishika kuweka dumu la akiba nyumbani. Anayejua jinsi injini inavyoitumia petroli ataelewa hatari ya dumu hilo.

Petroli ikiwa majimaji haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa.

Injini za mwanzo zilitumia gesi ya makaa ya mawe. Étienne Lenoir aliunda yake mjini Paris mwaka 1860. Mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alifaulu kuunda injini ya mapigo manne: kuvuta, kukandamiza, kuwaka na kutoa moshi. Lakini injini hizo zilitegemea bomba la gesi la mjini, hivyo hazikuweza kusafiri.

Karl Benz aliitumia petroli. Gari lake la magurudumu matatu, lililopata hataza mwaka 1886, lilivuta hewa iliyopita juu ya petroli na kubeba mvuke wake. Agosti 1888 mkewe, Bibi Bertha, alisafiri na wanawe wawili katika gari la namna hiyo kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa kilometa zaidi ya 100. Vituo vya petroli havikuwapo. Alinunua mafuta katika duka la dawa mjini Wiesloch. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia yake.

Mwaka 1893 Wilhelm Maybach alileta kabureta inayonyunyiza petroli kupitia tundu jembamba, ikawa ukungu. Injini ya Rudolf Diesel, iliyofaulu mwaka 1897, haikuhitaji cheche: hewa iliyokandamizwa sana hupata joto la kuyawasha mafuta.

Nguvu hiyo ya petroli ilifika Ziwa Tanganyika kama silaha. Tarehe 26 Desemba 1915 motaboti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, ziliishinda na kuiteka Kingani, meli ndogo ya Wajerumani iliyoendeshwa kwa mvuke wa maji. Motaboti hizo zilikuwa nyepesi na zenye mbio kuliko adui wao.

Kazi ambayo kabureta huifanya kwa kipimo, dumu lililo wazi huifanya bila kipimo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la makaa au taa ya chumba cha pili, na moto hurudi ulikotoka mvuke. Kwa hiyo petroli isilale ndani ya nyumba. Iwekwe nje kivulini, katika chombo chenye kifuniko imara, mbali na moto. Isitiwe katika chupa ya soda, mtoto asije akainywa. Isichanganywe na mafuta ya taa. Ikiwaka, izimwe kwa mchanga, kwani maji huyatawanya mafuta yanayowaka. Aliyeimeza, hata kwa kuinyonya kwa mpira, asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja.