Kutenga Sauti na Picha: Matumizi ya Video katika Somo la Kusikiliza

Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi apelekwapo kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Katoro na vijiji vinavyouzunguka mji huo, jambo la kwanza limkabililo ni wingi wa watoto. Katoro ni mji wa biashara katika Wilaya ya Geita. Watu wameufuata kwa ajili ya dhahabu, mashamba na soko, nao wamekuja na watoto wao. Si ajabu kukuta watoto mia moja na zaidi katika chumba kimoja. Mwalimu akiwaonyesha video nzuri katika simu yake, watoto wa dawati la kwanza wataona, wa dawati la pili watasukumana, na waliosalia watapiga kelele.

Hata hivyo, picha isiyoweza kuwafikia watoto wote huwa imefungamana na sauti iwezayo kuwafikia. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwalimu awezavyo kuitenga sauti hiyo kwa kutumia kompyuta ya nyumbani, na jinsi ya kuitumia ili iwe zana ya kufundishia wala isiwe mchezo wa kupotezea kipindi.

Faili la Video ni Kitu Gani?

Yafaa mwalimu aelewe kwanza kile anachokishughulikia. Faili la video, kwa mfano lile ambalo jina lake huishia na herufi mp4, ni mfano wa kasha lenye vyumba viwili. Chumba kimoja kina picha na cha pili kina sauti. Tuchezapo video, kompyuta hufungua vyumba vyote viwili kwa wakati mmoja. Kutenga sauti, basi, ni kukifungua chumba cha pili peke yake na kukiweka kilichomo katika faili jipya.

Wako wadhanio kwamba kubadili jina la faili kutoka mp4 kuwa mp3 kunatosha. Hilo ni kosa. Kubandika lebo ya chumvi katika mfuko wa sukari hakuigeuzi sukari kuwa chumvi. Vitu vyote viwili hubaki ndani, na redio nyingi hukataa kulisoma faili la namna hiyo.

Faida ya kutenga huonekana pia katika ukubwa. Video ya dakika 10 inayotumia biti milioni moja kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 75. Sauti yake ikihifadhiwa kwa biti 128,000 kwa sekunde, huchukua megabaiti 10 hivi. Kwa mwalimu anunuaye bando kwa fedha yake na kuhifadhi masomo katika kadi ndogo ya simu, tofauti hiyo si haba.

Kuchagua Video Ifaayo

Hii ndiyo hatua iliyo muhimu kuliko zote. Mwandishi wa makala haya aliijua thamani yake kwa kukosea. Alipata kutenga sauti ya video iliyoeleza sehemu za mmea, akaipeleka darasani kwa furaha. Msemaji akasema, “Tazameni hapa, sehemu hii ndiyo inyonyayo maji.” Watoto wakaikodolea macho redio. Mmoja wa mbele akainama kuchungulia nyuma yake. Mashine ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa, bali mwalimu hakuwa amefanya yake.

Tangu siku hiyo, anashauri jaribio moja rahisi. Kabla ya kutenga sauti, icheze video yote huku umefumba macho. Kila mahali usipoelewa, andika. Ikiwa mahali hapo ni pengi, iache video hiyo. Ikiwa ni pachache, tayarisha kitu cha kujaza pengo: mchoro ubaoni, au mmea wenyewe uliong’olewa uwanjani. Hadithi, masimulizi ya wazee, mazungumzo na usomaji wa habari hufaa sana. Maelezo ya kuchora, kupima au kutengeneza kitu hayafai.

Nchi yetu ina mfano wa kuigwa katika jambo hili. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni mbili kwa njia ya redio. Lakini redio haikuachwa iseme peke yake. Wasikilizaji walikutana katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi na kitabu, wakajadili waliyoyasikia na kwenda kuyatenda kijijini. Sauti ilifundisha kwa sababu palikuwa na mtu na kazi pembeni yake.

Hatua za Kutenga Sauti

Programu nyingi zaweza kufanya kazi hii. VLC, iliyotokana na kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja nchini Ufaransa mwaka 1996, hupatikana bila malipo, na ikishawekwa katika kompyuta haihitaji intaneti. Hatua zake ni hizi:

1. Fungua programu, kisha bonyeza neno “Media” lililo juu upande wa kushoto.
2. Chagua “Convert / Save”. Katika dirisha litakalofunguka, bonyeza “Add” na uchague video yako.
3. Bonyeza kitufe cha “Convert / Save” kilicho chini.
4. Penye neno “Profile”, chagua “Audio - MP3”.
5. Taja mahali pa kuhifadhi na jina la faili jipya, kwa mfano hadithi1.mp3. Usitumie jina la video ya asili, usije ukaipoteza.
6. Bonyeza “Start” na usubiri mstari ufike mwisho.

Lisikilize faili jipya tangu mwanzo hadi mwisho kabla ya kulinakili katika flashi au kadi. Likiwa refu, likate kwa programu ya Audacity, ambayo nayo ni ya bure. Kwa watoto wa madarasa ya chini, dakika mbili au tatu zinatosha.

Zana ya kusikilizia haina haja ya kuwa ya gharama. Redio ndogo zenye tundu la flashi na betri ya kuchaji huuzwa sokoni. Vijana wa vibandani huwaingizia wateja nyimbo katika kadi kila siku. Wafanyalo wao kwa nyimbo, mwalimu aweza kulifanya kwa somo.

Mfano wa Somo

Watoto wengi wa eneo hili huzungumza Kisukuma nyumbani, na baadhi yao huchanganya sauti za l na r wasemapo Kiswahili. Mwalimu naye huenda akawa na tatizo hilo hilo. Hapa sauti ya msomaji hodari ina kazi kubwa.

Tenga sehemu fupi ya usomaji wenye maneno ya l na r. Kabla ya kusikiliza, andika ubaoni jozi hizi: kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari. Eleza maana ya kila neno. Kisha wape watoto kazi: wasikiapo r, wainue mkono. Cheza sauti mara ya kwanza bila kusimamisha. Mara ya pili, simamisha kila baada ya sentensi, uulize wamesikia neno gani na lina maana gani. Mwishowe kila safu iyatamke maneno, na watoto wachache wayatungie sentensi. Mtoto aliyeelewa hataandika kwamba bwana harusi alilipa mahali.

Tahadhari

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huwalinda watunzi na watendaji wa kazi za sanaa. Sauti uliyoitenga si mali yako. Itumie darasani, mtaje mwenye kazi, omba ruhusa inapowezekana, wala usiiuze au kuisambaza. Njia iliyo salama zaidi ni kumrekodi, kwa idhini yake, mzee wa kijijini akisimulia hadithi.

Hitimisho

Kutenga sauti ni kazi ya dakika chache, na kompyuta ndiyo huifanya. Kuchagua, kujaza pengo la picha na kuwapa watoto jambo la kutenda ni kazi ya mwalimu, na hakuna programu ya kumfanyia.

Mazoezi

1. Chagua video moja ya dakika tatu na uifanyie jaribio la kufumba macho. Orodhesha mapengo yote.
2. Tenga sauti yake, kisha andaa somo la kusikiliza kwa Darasa la Tatu lenye watoto 100.
3. Jadilini: ni masomo gani ya shule ya msingi ambayo hayafai kufundishwa kwa sauti pekee, na kwa nini?